SOMO LA KIKUNDI: USIACHE MBACHAO KABLA YA KUPIGA HESABU



Mara nyingi masomo yetu huhusu shamba, maji au mifugo. Safari hii tunazungumzia jambo ambalo viongozi wa vikundi wametuambia linawasumbua. Mwanachama ana kazi yake ya mshahara karibu na nyumbani. Amezoea, anaheshimiwa, mwisho wa mwezi haumtishi. Halafu anapata habari ya kazi nyingine, mbali, yenye mshahara mkubwa zaidi. Je, aende au abaki?

Wengine huenda mbio na baada ya miezi mitatu wanarudi na deni. Wengine hubaki kwa hofu tu, na baadaye wanajuta kwamba walikalia nafasi. Somo hili halitakuambia uende au ubaki. Litakusaidia kupima.

Muda wa somo: saa mbili, ama mikutano miwili.
Vitu vya kuandaa: karatasi kubwa au ubao, kalamu, na kitabu cha mikopo cha kikundi.

1. MCHEZO MFUPI

Kiongozi wa somo achague watu wawili wasome kwa sauti. Mmoja ni karani wa shule ya sekondari karibu na Wote. Mwingine ni mama yake, ambaye pia ni mwanachama wa kikundi.

KARANI: Mama, nimepata kazi Nairobi! Duka la vifaa vya ujenzi. Elfu thelathini!
MAMA: Mungu ni mwema, mwanangu. Hiyo elfu thelathini ni ya mkononi, ama ni ya kabla ya kukatwa?
KARANI: Hapo sikuuliza. Yule bwana alinipigia simu tu. Anataka nianze Jumatatu.
MAMA: Na barua ya kazi uko nayo?
KARANI: Alisema nitapewa nikishafika.
MAMA: Mwalimu mkuu naye umemwambia?
KARANI: Nitamwambia Ijumaa jioni.
MAMA: Sawa. Na ule mkopo wa kikundi? Si mimi na shangazi yako ndio tulitia sahihi?
KARANI: (Ananyamaza.)

Kiongozi aulize: Mama huyu anamkataza mwanawe, ama anamsaidia? Ni maswali gani aliyouliza ambayo sisi wenyewe huwa tunayasahau? Msikimbilie kumlaumu kijana. Habari njema inapokuja ghafla, hata mtu mzima husahau kuuliza.

2. MSHAHARA NI ULE UNAOBAKI

Kosa la kwanza ni kulinganisha mshahara kwa mshahara. Karani wetu anapata shilingi 18,000. Ameahidiwa 30,000. Anaona nyongeza ya 12,000. Tuone kama ni kweli.

Mwajiri hukata fedha kabla ya kukulipa. Kwa viwango vya mwaka 2025, NSSF hukata asilimia 6, bima ya afya ya SHA asilimia 2.75, na ushuru wa nyumba asilimia 1.5. Halafu inakuja kodi ya PAYE.

Kwa mshahara wa 18,000, makato haya yote yakiondolewa anabaki na karibu 16,150.
Kwa mshahara wa 30,000, anabaki na karibu 26,190.

Kwa hiyo nyongeza si 12,000. Ni kama 10,040. Sehemu ya sita hivi imeshakwenda kabla hajapanda matatu.

Sasa andikeni ubaoni gharama mpya ambazo leo hana, kwa sababu analala kwao na anatembea kwa miguu hadi shuleni. Hizi zetu ni za mfano tu. Ninyi wekeni bei mnazozijua.

Chumba kimoja: 5,000
Matatu ya kwenda na kurudi kazini, siku 26: 2,600
Chakula zaidi ya kile cha nyumbani: 4,000
Nauli ya kuja nyumbani mara moja kwa mwezi: 1,200
Kibarua wa kufanya kazi aliyokuwa akifanya mwenyewe shambani na kwa mifugo: 2,000
Jumla: 14,800

Nyongeza ni 10,040, gharama mpya ni 14,800. Kila mwezi nyumba inapungukiwa na karibu 4,760. Yaani amepandishwa mshahara na amekuwa maskini zaidi! Ili abaki pale pale alipo leo, bila faida hata ya senti, angehitaji mshahara wa karibu 37,000.

Je, hii ina maana asiende? Hapana. Ina maana ajue bei anayolipa. Pengine akikaa na ndugu yake miezi ya kwanza, kodi ya chumba inaondoka. Pengine mwajiri atakubali kuongeza akiombwa kwa adabu, kwa hesabu iliyoandikwa. Mtu asiyejua hesabu yake hawezi kuomba kitu.

3. YALE AMBAYO SHILINGI HAIPIMI

Gawanyeni ubao sehemu mbili. Upande mmoja andikeni KAZI YA SASA, upande mwingine KAZI MPYA. Halafu pimeni mambo haya, moja moja:

(a) Kujifunza. Kazi ipi itanipa ujuzi ambao hakuna mtu anaweza kuninyang'anya? Mtu anaweza kukubali hasara ya mwaka mmoja kama atatoka akijua kazi mpya.

(b) Kudumu. Hii kazi ni ya mwaka, ni ya mradi, ama ni ya kudumu?

(c) Nyumbani. Nani atabaki na watoto, na wazazi walio wazee? Mzigo huo ukimwangukia mtu mwingine, yeye ameulizwa?

(d) Msimu. Huku kwetu Ukambani mvua ya Oktoba hadi Desemba ndiyo tunayoitegemea zaidi. Mtu akiondoka mwezi wa kumi, nani atapanda ndengu, mbaazi na mahindi? Wiki mbili za kuchelewa kupanda zinaweza kuwa gunia kadhaa.

(e) Moyo. Je, ninaifuata kazi mpya, ama ninakimbia ugomvi wa kazi ya zamani? Ugomvi mwingine unaweza kusuluhishwa kwa kikao kimoja. Na raha je? Kuna raha ya kweli, ya kazi inayokutosha. Na kuna raha ya kuzoea tu, ambayo huficha kwamba kila mwaka unabaki nyuma kidogo.

4. TUJIFUNZE KWA YALIYOPITA

Mfano wa kwanza: kustaafu mapema. Katika miaka ya 1990 Serikali ya Kenya ilipunguza watumishi wake. Watumishi wengi wa vyeo vya chini walishawishiwa kustaafu mapema kwa hiari, na wakalipwa fedha za mkupuo. Wazee wa vijiji vyetu bado wanakumbuka. Kuna waliofungua duka au kununua ng'ombe wakasimama. Kuna ambao fedha ziliisha upesi. Hatari ilikuwa hii: fedha nyingi zikija pamoja huonekana kama utajiri, kumbe ni mshahara wa miezi kadhaa tu umefungwa mahali pamoja. Ukipewa 240,000, na nyumba yako hutumia 15,000 kwa mwezi, hizo ni fedha za miezi 16. Baada ya hapo kitu gani kitaingiza shilingi? Kama huna jibu, hujawa tayari.

Mfano wa pili: kazi ya mradi. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilianza kujengwa mwishoni mwa 2014, na treni ya abiria ikaanza safari katikati ya 2017. Ilipita katika Makueni, na vituo viko Emali, Kibwezi na Mtito Andei. Wakati wa ujenzi kulikuwa na kazi nyingi: za udereva, ulinzi, mjengo, upishi. Lakini reli ikishamalizwa, wanaojenga hawahitajiki tena. Ni vivyo hivyo kwa bwawa la Thwake, mpakani mwa Makueni na Kitui, ambalo lilianza kujengwa mwaka 2018. Kazi ya mradi si mbaya. Ubaya ni kuiacha kazi ya kudumu kwa ajili yake bila kupanga siku ya mwisho. Anayekwenda kwenye mradi ajue tangu siku ya kwanza kwamba anavuna, na mavuno huwekwa ghalani.

Mfano wa tatu: Profesa Wangari Maathai. Mwaka 1982 alikuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, kazi nzuri aliyoifanya kwa miaka mingi. Akataka kugombea ubunge katika uchaguzi mdogo, na ili agombee ilibidi ajiuzulu kwanza. Akajiuzulu. Halafu akazuiwa kugombea kwa suala la kuandikishwa kwake kama mpiga kura. Alipotaka kurudi chuoni, hakupokelewa. Hata nyumba ya chuo alitakiwa kuihama. Kwa muda mfupi mlango wa zamani ulifungwa, na ule mpya haukufunguka.

Tunajua mwisho wake: alichaguliwa mbunge wa Tetu mwaka 2002, akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004. Watu husema, «Unaona? Aliacha kazi akafanikiwa.» Lakini tutazame vizuri. Kilichomshika asianguke kabisa ni kazi ya kupanda miti pamoja na vikundi vya akina mama, ambayo alikuwa ameianza mwaka 1977, miaka mitano kabla ya kujiuzulu. Alipokosa chuo na kukosa ubunge, alikuwa na kitu cha tatu kilichokwisha kuota mizizi. Wewe unayetaka kuondoka, kitu chako cha tatu ni nini? Inaweza kuwa miembe ishirini, mizinga ya nyuki, kuku, cherehani, ama akiba katika kikundi. Kianze sasa, ungali na mshahara.

5. SHERIA INASEMAJE

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 ina mambo ambayo kila mfanyakazi ayajue:

- Mkataba wa kazi wa miezi mitatu au zaidi unatakiwa uwe wa maandishi. Uonyeshe kazi ni gani, inaanza lini, mahali, saa za kazi na malipo. «Utapewa ukifika» si mkataba.

- Anayelipwa kwa mwezi akitaka kuacha kazi anatoa taarifa ya maandishi ya siku 28, isipokuwa mkataba wake unataka muda mrefu zaidi. Akiondoka bila taarifa anaweza kudaiwa malipo ya muda huo. Karani wetu akiaga Ijumaa ili aanze Jumatatu, anaweza kupoteza mshahara wa mwezi mzima.

- Kazi mpya inaweza kuwa na kipindi cha majaribio, kisichozidi miezi sita. Kinaweza kuongezwa miezi mingine sita ukikubali. Katika kipindi hicho mkataba unaweza kuvunjwa kwa taarifa ya siku saba tu. Kwa hiyo miezi ile ya kwanza usikope, usinunue ploti, usihamishe watoto shule.

- Likizo ya mwaka ni siku 21 za kazi au zaidi. Ukiondoka ukiwa na siku ambazo hukuzitumia, ulizia malipo yake.

- Ukiacha kazi una haki ya kupewa cheti cha utumishi, kama ulifanya kazi wiki nne mfululizo au zaidi. Kichukue hata kama mmeachana vibaya. Kesho utakihitaji.

Mambo yakikushinda, nenda kwa afisa wa kazi wa kaunti. Nenda na karatasi zako zote.

Na kama kazi ni ya ng'ambo, ongeza uangalifu mara mbili. Wakala anayepeleka watu nje lazima awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Ulizia jina la wakala huko kabla ya kumpa hata shilingi moja. Ujue pia kwamba katika nchi kadhaa za Ghuba kibali cha mfanyakazi kimefungwa kwa mwajiri wake. Saudi Arabia ililegeza sheria hiyo mwaka 2021, lakini wafanyakazi wa nyumbani hawakuingizwa katika mabadiliko hayo. Yaani mama anayekwenda kufanya kazi ya nyumba akikosana na mwajiri hawezi tu kuvuka barabara atafute kazi nyingine. Nakala ya mkataba, ya pasipoti, na namba ya simu ya wakala ziachwe nyumbani kwa mtu mnayeaminiana.

6. KIKUNDI KINAINGIAJE HAPA?

Mwingine atasema, «Kazi ni yangu, kikundi kinahusikaje?» Kinahusika kwa njia tatu.

Kwanza, mkopo. Mwanachama akiondoka na mkopo, waliomdhamini ndio watakaolipa. Hili ni kweli katika kikundi na ni kweli katika SACCO. Si dhambi kuondoka na mkopo, lakini ni vibaya kuondoka kimya. Aje kwa wadhamini wake kabla ya kutoa taarifa kazini. Wakubaliane kwa maandishi atalipa kiasi gani kila mwezi, na siku gani.

Pili, kazi ya mikono. Katika mwethya kila mkono unahesabiwa. Tukichimba matuta au kujenga bwawa la mchanga, pengo la mtu mmoja linaonekana. Kikundi kiamue mapema: aliye mbali atatuma mtu, ama atatoa mchango? Sheria iwe moja kwa wote, isiwe ya kumkomoa mtu.

Tatu, ushauri. Mwenye habari njema hana macho mawili, ana moja tu. Kikundi ni jicho lake la pili. Lakini hapa tujihadhari, ndugu zangu. Wivu upo. Mwanachama asipigwe maneno eti anajifanya mkubwa, wala siri za mshahara wake zisitangazwe sokoni. Chagueni watu wawili wenye busara wa kukaa naye faraghani. Kazi yao ni kuuliza maswali. Uamuzi ni wake na wa nyumba yake.

7. HATUA SABA ZA KUFUATA

1. Pata ahadi ya kazi kwa maandishi, yenye kiasi cha mshahara na tarehe ya kuanza.
2. Piga hesabu ya unaobaki, si ya ulioandikwa.
3. Keti na mume au mke, wazazi, na watoto wakubwa. Waulize, usiwatangazie.
4. Tafuta mtu anayefanya kazi huko au aliyewahi kuifanya. Muulize kama mshahara hulipwa kwa wakati.
5. Weka akiba ya kutosha nyumba yako miezi mitatu, pamoja na nauli ya kurudi.
6. Zungumza na wadhamini wako.
7. Hapo ndipo utoe taarifa kazini, kwa barua ya heshima. Shukuru. Kabidhi funguo na vitabu vyote. Anayeaga vizuri huweza kurudi kubisha hodi.

Ukishindwa kutimiza hatua ya kwanza, simama hapo hapo. Hakuna haja ya kufika ya pili.

8. MASWALI YA KUJADILI

(a) Wahenga walisema, «Usiache mbachao kwa msala upitao.» Walisema pia, «Mkaa bure si sawa na mtembea bure.» Ni wakati gani methali ya kwanza inatufaa? Ni wakati gani ya pili?

(b) Je, kuna mtu hapa kijijini aliyeacha kazi akafanikiwa? Alikuwa na nini mkononi siku aliyoondoka?

(c) Fanyeni upya hesabu ya karani kwa bei za kwenu. Kama angekwenda Kitui mjini badala ya Nairobi, ingekuwaje?

(d) Kikundi chetu kina kanuni gani kwa mwanachama anayehama? Kama haipo, tuiandike leo.

MWISHO WA MCHEZO

Kiongozi awarudishe wale wasomaji wawili mbele, wamalizie hivi:

MAMA: Sasa umeamua nini?
KARANI: Nimempigia yule bwana. Nimemwambia nataka barua, na nitahitaji mwezi mmoja wa kuaga shuleni.
MAMA: Akasemaje?
KARANI: Akasema ataangalia.
MAMA: Basi kama anakuhitaji, atangoja. Asipongoja?
KARANI: Asipongoja, nitakuwa bado na kazi, mama. Na mkopo nitaumaliza mwezi wa nane.
MAMA: Haya. Chukua jembe tuende, jua halijawa kali.

Kikundi kikimaliza somo, katibu aandike kanuni mliyokubaliana katika kitabu cha mikutano, wote watie sahihi. Somo likibaki ubaoni, litafutwa jioni hiyo hiyo.